Giza Lisilovuja

Kabla ya kuigusa kamera, fundi huomba negativu. Wateja wengi hufika wakisema picha zao zimeungua, naye huwasikiliza kwa adabu, lakini anachokitaka ni mkanda wenyewe, mzima, usiokatwa vipande, auinue mbele ya dirisha na kuusoma kutoka fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Karakana yake iko Kipsitet, pale barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu inapokuwa imekwisha kuyaacha mashamba ya chai huko juu na kuteremka Soin, kwenye joto, mahindi na miwa. Ni chumba kimoja chenye meza chini ya dirisha. Nyuma yake kuna stoo ndogo iliyozibwa kila upenyo, nayo ndiyo chumba cha giza. Saa na redio ndizo zinazoleta unga nyumbani. Kamera za filamu huzitengeneza kwa sababu ujana wake wote alipita nazo kwenye mashamba ya chai siku za mshahara, akiwapiga picha wachumaji waliotaka kupeleka sura zao nyumbani.

Siku niliyokaa kumtazama, mezani palikuwa na kamera mbili na mikanda miwili. Kwenye negativu mambo hugeuka: palipoingia mwanga mwingi huwa peusi, kwa hiyo mwanga uliovuja huonekana kama doa zito. Jambo la kwanza analoliangalia fundi ni kama doa hilo limevuka mpaka wa fremu. Filamu ya milimita 35 ina matundu kwenye kingo zake, manane kila upande kwa kila fremu, ambayo meno ya kamera huyashika ili kuivuta. Picha hukaa katikati, milimita 24 kwa 36. Doa likienea hadi kwenye matundu, mwanga haukupitia shata, maana dirisha la shata halifiki huko. Umeingia nyuma, kwenye mlango. Doa likibaki ndani ya mpaka wa fremu, mwanga umetoka mbele, na wa kushukiwa kwanza ni pazia la shata.

Kisha hukumbuka kwamba ndani ya kamera picha husimama kichwa chini. Doa lililo chini ya picha limetoka juu ya kamera, na lililo kushoto limetoka kulia. Maswali yake kwa mteja ni machache na yote yana kazi. Filamu ilikaa ndani muda gani? Kamera ilibebwa wapi? Lenzi ilifunikwa? Fremu iliyosubiri muda mrefu kabla ya picha nyingine kupigwa ndiyo hubeba doa zito kuliko wenzake, na kwa kulinganisha uzito wa madoa na majibu ya mteja, fundi hujua kama anafuata tundu dogo linalovuja polepole au mwanya mkubwa unaovuja kila mara.

Mkanda wa kwanza ulikuwa na madoa marefu upande mmoja, yamepita juu ya matundu bila kujali mpaka. Mkanda wa pili ulikuwa na nukta moja nyeusi, ya mviringo, mahali palepale katika fremu nyingi, na kuizunguka chembechembe ndogo ambazo mimi sikuziona mpaka aliponipa lenzi ya kukuzia. Akaiweka ile miwili kando kando. "Huu ni mlango," alisema. "Na huu ni pazia." Hakuwa amefungua hata skrubu moja.

Kamera ya mkanda wa kwanza ni Pentax K1000, ya binti mmoja mpiga picha kutoka Bomet. Kamera hizo zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na mamilioni yaliuzwa. Ni za chuma, ni nzito, na shata zake hufanya kazi hata betri ikifa, kwa kuwa betri ni ya kipima mwanga tu. Ya pili ni Zorki-4, iliyotengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kati ya 1956 na 1973. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyeirithi kwa baba yake, mmoja wa Wakenya waliokwenda kusoma Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960, zama ambazo Moscow ilikuwa imefungua chuo kikuu kilichopewa jina la Patrice Lumumba kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Picha zote za ukoo wake hadi miaka ya 1980 zilipitia lenzi hiyo.

Kazi ya mlango fundi alimkabidhi mjukuu wake, msichana aliyemaliza shule na sasa anajifunza mezani hapo. Kwenye mwili wa K1000, pale ukingo wa mlango wa nyuma unapoingia, kuna mfereji mwembamba, na ndani yake kiwanda kiliweka ukanda wa sponji ili mlango ukifungwa pasibaki njia ya mwanga. Sponji hiyo haidumu. Joto na unyevu huivunja, na kwenye nchi ya chai, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, unyevu haukosekani. Baada ya miaka mingi sponji hugeuka ute mweusi unaonata, huchanika ukiugusa, na vipande vyake hutafuta njia ya kuingia ndani ya shata.

Kwa hiyo kitu cha kwanza alichofanya msichana ni kuikinga shata. Alikata kadi nyembamba kulingana na dirisha la filamu na kuilaza juu ya pazia bila kuligusa. Kisha akachonga kijiti cha mwanzi, ncha yake bapa, akakichovya kwenye spiriti na kuanza kuusukuma ute kutoka mferejini, kila mara akielekea nje, mbali na shata. Chuma hakitumiki hapa. Rangi nyeusi ya mfereji ni sehemu ya kinga, kwani humeza mwanga unaojaribu kupenya kwa kurukaruka kwenye kuta, na bisibisi ingeikwangua na kuacha chuma kinachong'aa. Kijiti kikichafuka hukatwa ncha. Pamba ya kufutia ikiwa nyeusi hubadilishwa. Mara kadhaa nilidhani amemaliza, naye akachovya tena.

"Kugo, imebaki kidogo tu kwenye kona," alisema hatimaye.

"Basi bado," babu yake alijibu bila kuinua macho.

Pamba ya mwisho ilitoka nyeupe. Badala ya sponji mpya, alichukua uzi mweusi wa sufu, ule ule ambao akina mama wa sokoni hufumia sweta za shule. Uzi huo hauozi kama sponji, na mafundi wa kamera wa zamani waliutumia kabla ya sponji kuwapo. Aliulaza mferejini kwa ncha ya kijiti, akibana sentimita moja moja, na gundi akaitia nukta moja mwanzoni na nukta moja mwishoni. Uzi haukuvutwa. Ukivutwa huwa mwembamba, na baadaye hujirudi ukaacha pengo pembeni, mahali ambapo mwanga hupenda kupita. Upande wa bawaba, ambako nafasi ni pana zaidi, aliweka ukanda wa mahameli nyeusi uliobaki kwa fundi cherehani, manyoya yake yakielekea mlango. Akafunga. Mlango uliitika kwa mlio mmoja. Fundi akaichukua kamera, akafungua na kufunga huku akiusikiliza ule mlio. Mlango unaohitaji kusukumwa una uzi mnene na baada ya muda utapinda. Mlango unaofunga kilegevu una uzi mwembamba. Huu aliukubali.

Zorki ilikuwa kazi nyingine. Kamera kama K1000 ina kioo mbele ya shata, ambacho hupeleka picha kwenye jicho la mpigaji na wakati huohuo hulikinga pazia. Zorki haina kioo hicho. Lenzi hulitazama pazia moja kwa moja, na kati yao hakuna kitu. Hapo ndipo jua la nchi hii linapokuwa hatari. Kericho iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na saa sita mchana jua husimama karibu na utosi. Kamera ikilazwa chali mezani saa hizo, lenzi yake wazi, hukusanya miale na kuielekeza kwenye nukta moja ya kitambaa, na kitambaa huungua. Fundi alinieleza hayo akiwa ameshaishika kamera, akifungua funguo mbili zilizo chini yake na kuivua sehemu yote ya nyuma.

Tukaingia chumba cha giza, akafunga mlango, na hatukufanya lolote. Kusubiri huko kulikuwa hatua ya kazi. Jicho lililotoka kwenye mwanga wa Soin halioni tundu dogo. Linahitaji dakika kumi na zaidi kabla halijaanza kuona, na karibu nusu saa kufikia uwezo wake wote. Fundi alikaa kimya kwenye kigoda mpaka aliporidhika. Ndipo akawasha tochi ndogo ndani ya tundu la lenzi, akiwa ameizungushia kitambaa cheusi mwanga usitoke pembeni, na kulitazama pazia kwa nyuma.

Shata ya namna hii ina mapazia mawili ya kitambaa chepesi kilichopakwa mpira. Ukizungusha kirungu cha kuvutia filamu, la kwanza hufunika dirisha. Ukibonyeza, hilo hukimbia na kufungua njia, na la pili hulifuata na kuifunga. Katika kasi kubwa la pili huanza mbio kabla la kwanza halijafika, na filamu humulikwa na ufa mwembamba unaosafiri kati yao. Kabla kirungu hakijazungushwa, lililo dirishani ni pazia la pili, na juu yake palikuwa na tundu moja linalong'aa, safi, la mviringo: alama ya jua. Fundi alizungusha kirungu polepole. Pazia la kwanza likaja, na juu yake zikaonekana nuru ndogo nyingi zilizotawanyika. Kwenye karatasi aliyokwisha kuichora mistatili miwili, aliweka nukta kwa kupapasa, moja kwa kila tundu.

Huko nje alinionyesha kwa nini mapazia mawili ya umri mmoja yameharibika tofauti. Kitambaa cha pazia la pili hujiviringisha kwenye silinda nene. Cha pazia la kwanza hujiviringisha kwenye roli nyembamba yenye kamani ndani, na kwa kujipinda hivyo tena na tena kwa miaka sitini, mpira wake umepasuka. Alivibana vitambaa kwa ncha za vidole, kimoja kisha kingine, akivikunja kidogo na kuviachia. La pili lilikuwa bado laini. La kwanza lilitoa mlio mdogo mkavu. Uamuzi ukawa umepatikana: la pili litazibwa tundu lake, la kwanza litabadilishwa.

Nilimuuliza kwa nini asibadilishe yote mawili, maadamu kamera itafunguliwa. Alisema kitambaa kizima hakina kosa. Huko juu kwenye chai mchumaji mzuri huchukua majani mawili na chipukizi na kuuacha mti uendelee. Mkono wa fundi huyu huenda vivyo hivyo, huchukua kinachopaswa kutoka na kuacha kinachofanya kazi.

Dawa ya tundu aliitengeneza mwenyewe. Aliwasha koroboi, akashika kifuniko cha bati juu ya ulimi wa moto mpaka masizi yakajikusanya, akayakwangua kwa karatasi. Masizi ni weusi mtupu, laini kuliko unga wowote wa dukani. Aliyachanganya na gundi ya mpira iliyozimuliwa kwa petroli hadi ikawa nyepesi ya kutiririka. Kwa ncha ya sindano alichukua tone dogo na kuligusisha kwenye tundu, likajitandaza lenyewe. Alisubiri likauke kabisa, akaongeza tabaka la pili jembamba. Angeweza kutia tone nono na kumaliza mara moja, lakini kiraka kinene ni kigumu. Kila pazia linapojiviringisha kingejikunja vibaya, kingelichelewesha, na siku moja kingebanduka. Mwisho alipitisha juu yake unga wa risasi ya penseli ili kitambaa kisigandane na mkunjo wake.

Kabla ya kufungua mwili wa kamera alitandika karatasi nyeupe na kuichora Zorki kwa mistari michache: juu, mbele, chini. Kila skrubu iliyotoka ilikwenda kulala juu ya picha ya mahali pake, kwa kuwa skrubu zinazofanana kichwa hutofautiana urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hugusa gia isiyotakiwa kuguswa. Bisibisi zake amezinoa mwenyewe zikalingana na mifereji ya vichwa vya skrubu. Hakuna alichokilazimisha. Skrubu iliyokataa ilipewa tone la mafuta na kuachwa, naye akaendelea na nyingine, akairudia baadaye, ikakubali.

Chini ya kamera kuna skrubu mbili zinazokaza kamani za mapazia. Kabla ya kulegeza ile ya pazia la kwanza, fundi aliinamia na lenzi yake ya kukuzia na kuita. Palikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye bamba kando ya skrubu, umechorwa kwa ncha kali: alama ya fundi mwingine, asiyejulikana, aliyeonyesha skrubu ilisimama wapi. Aliilegeza kwa robo ya mzunguko kila mara, akishikilia kwa bisibisi ya pili kamani isifyatuke, na mjukuu wake akawa anaandika hesabu. Kamani ilipoishiwa nguvu, hesabu ile pamoja na mkwaruzo ule ndivyo vilivyokuwa ramani ya kurudia.

Pazia bovu lilibanduliwa kwa spiriti na kijiti, likalazwa kwenye karatasi yenye miraba na kuzungushiwa mstari wa penseli iliyochongwa kali. Ukingoni mwake lina kibati chembamba kinachonyoosha mdomo wa pazia, na riboni mbili zinazoliunganisha na silinda ya upande wa pili. Kibati alikitoa kikiwa kizima, akakisafisha na kukikagua juu ya kioo kama kimenyooka. Kibati kilichopinda hufanya ufa wa mwanga uwe mpana juu na mwembamba chini, na picha hutoka nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili.

Kitambaa kipya alikitoa kwenye mkebe, kimeviringishwa. Hakukikunja kamwe, maana mkunjo ndio mwanzo wa ufa. Alikilaza juu ya kioo, akakagua uelekeo wa nyuzi, akaweka rula ya chuma, akachukua wembe mpya. Alikata kwa mvuto mmoja. Wembe unaosimama katikati ya mstari huacha nyuzi zinazochomoza, na uzi mmoja uliochomoza unatosha kushika kwenye ukingo na kulisimamisha pazia. Mikono ya mzee huyu ina mtetemo ukiitazama inaposhika kikombe cha chai. Kwenye wembe haukuwapo. Alikuwa ameshusha pumzi yote nje, mabega yamelegea, kiwiko kimeegemea meza, na mkono ulisafiri kwa uzito wake wenyewe.

Gundi ilikuwa ya fundi viatu, iliyopakwa kwa ukingo wa kadi mpaka ikabaki utando tu. Aliiacha ipoteze unyevu, akaligusisha pazia kwenye roli yake kwa sehemu ndogo ya katikati kwanza, akapima kwa kipande cha chuma chenye pembe mraba kama kitambaa kinasimama wima. Hakikusimama vizuri. Kosa lilikuwa dogo kiasi kwamba mimi niliona mstari ulionyooka. Alikiinua, akasafisha, akapaka upya, akarudia. Mara hii alibonyeza kuelekea pembeni, pole pole, kwa ukucha. Kibati na riboni vikafuata kwa namna hiyohiyo. Kisha akaifunika kamera kwa bakuli vumbi lisiingie, akaenda kutengeneza redio. Gundi ilitakiwa ilale hadi asubuhi.

Asubuhi ilikuwa ya kamani. Alirudisha mizunguko kwa hesabu iliyoandikwa, akipunguza kidogo mwishoni, kwa sababu kitambaa kipya ni chepesi kuvuta. Alizungusha kirungu, akabonyeza, akasikiliza. Pazia lililokazwa kupita kiasi hugonga mwisho na kuruka nyuma, likaacha mstari ukingoni mwa picha. Lililolegea hukawia, mwenzake akalifikia njiani, na upande mmoja wa picha haupati mwanga kabisa. Aliongeza sehemu ndogo ya mzunguko, akasikiliza tena. Kasi aliibadilisha kila mara baada ya kuzungusha kirungu, kamwe si kabla, kwa kuwa Zorki ikigeuzwa kasi kabla ya kirungu kuzungushwa huweza kuharibika ndani.

Kipimo chake cha kasi ni televisheni ya zamani yenye kisogo. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, televisheni hiyo haipokei kituo chochote, lakini kioo chake bado huwaka. Picha ya televisheni ya aina hiyo huchorwa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Ukiitazama kupitia shata isiyo na filamu huku ukiifyatua, ufa unaosafiri kwa ulalo hukutana na mistari inayoshuka, na jicho huona ukanda wa mwanga ulioinama. Ukanda wenye upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho ni ushahidi kwamba mapazia yanakimbia sawa. Alifyatua, nikaona ukanda unaopungua upana upande wa mwisho. Akageuza skrubu kwa kiasi ambacho sikuweza kukipima kwa jicho. Akafyatua tena na tena, kwa kila kasi, akinipa nami nitazame, mpaka kingo mbili za ukanda zikawa sambamba.

Tulirudi chumba cha giza na kusubiri macho tena. Tochi ilipowaka ndani ya kamera, nyuma hapakuwa na kitu. Alizungusha kirungu polepole kuliko mara zote, kwa kuwa mapazia yakirudi pamoja vibati vyao vinapaswa kupandana. Visipopandana, mwanga huingia wakati filamu inavutwa, na hakuna kiraka kinachoweza kuponya hilo. Vilipandana njia nzima.

Jaribio la mwisho ni filamu. Alipiga picha za ukuta na anga kwa kasi mbalimbali, na kati ya fremu na fremu aliiacha kamera nje, lenzi wazi, mgongo wake kwa jua, muda mrefu kuliko mteja yeyote angefanya. K1000 nayo ilipata mkanda wake, ikazungushwa juani mlango ukielekea mwanga kila upande. Dawa ya kuoshea ilitakiwa kuwa na nyuzijoto 20, na mchana wa Kipsitet uko juu ya hapo, kwa hiyo chupa ilikaa ndani ya maji ya mtungi wa udongo mpaka kipimajoto kikashuka. Mikanda ilipokauka, mjukuu ndiye aliyepewa aisome kwanza, kwa utaratibu uleule: matundu ya kingo, mpaka wa fremu, katikati. Kingo zilikuwa safi. Fremu zilikuwa na weusi wa kiasi kimoja kutoka kushoto hadi kulia. Alisoma mkanda wote kabla ya kusema, "Kugo, hakuna."

Na hapo ndipo ugumu wa kuusifu ufundi huu ulipo. Fundi seremala hukuachia kiti, mhunzi hukuachia jembe. Huyu kazi yake ikikamilika huacha mahali pasipo na kitu, fremu ambayo hakuna atakayeiuliza swali. Mwalimu ataona sura za wajukuu zake, hataona kibati kilichonyooka wala kitambaa kilichobanduliwa na kubandikwa mara ya pili kwa sababu ya kosa lisiloonekana. Nilichokiona mezani pale ni mtu aliyefanya kila hatua kwa ukamilifu uleule, ile itakayoonekana na ile isiyoonekana, na aliyezihesabu saa za kusubiri kuwa sehemu ya kazi, sawa na saa za wembe.

Kabla ya kuifunga Zorki alikwaruza alama yake kando ya ile ya fundi asiyejulikana. Kwenye karatasi ndogo ambayo mteja ataiweka ndani ya mfuko wa kamera, aliandika tarehe, mizunguko ya kamani, aina ya gundi, na kwamba pazia la pili ni la zamani na lina kiraka kimoja upande wa juu. Mjukuu aliandika ya K1000 kwa mwandiko wake: uzi wa sufu, mahameli upande wa bawaba, usitumie chuma mferejini. Kitambaa hiki kipya nacho kitazeeka. Siku kitakapopasuka, mtu mwingine atafungua skrubu zilezile, na atakuta ameachiwa maelezo ya kutosha kuanza kazi bila kubahatisha.